Zizi Letu Lipimwe, Lisikisiwe

Kila nchi iliyo mwanachama wa Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 hutakiwa kupeleka Umoja wa Mataifa hesabu ya gesijoto zake: kiasi gani kimetoka viwandani, kiasi gani barabarani, kiasi gani kwenye misitu inayokatwa, kiasi gani kwa mifugo. Kwa nchi kama Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia, safu ya mifugo ni miongoni mwa safu nzito kabisa katika hesabu hiyo. Ndiyo pia safu yenye vipimo vichache vilivyochukuliwa hapa kwetu. Kwa miaka mingi tumeijaza kwa kuchukua idadi ya ng'ombe, ambayo yenyewe mara nyingi ni makadirio, na kuizidisha kwa namba iliyopangwa mbali na malisho yetu. Hoja ninayoileta mbele yenu jioni hii ni kwamba namba hiyo ya kuazima inatudhuru kwa pande mbili kwa wakati mmoja. Inamtwika mfugaji mzigo usio wake, na papo hapo inauficha mzigo ulio wake kweli, ambao angeweza kuupunguza kwa faida yake mwenyewe. Dawa yake ni kupima, na kupima palepale mifugo inapolala: bandani, zizini na bomani.

Tuanze na chanzo. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na katika kile kikubwa cha kwanza wanaishi vijidudu wasiohesabika wanaochachua majani makavu ambayo tumbo la binadamu lisingeyaweza. Uchachuaji huo huzaa hidrojeni, na vijidudu wengine huichukua hidrojeni hiyo na kuiunganisha na hewa ya ukaa ikawa methani. Ng'ombe hana kazi nayo, kwa hiyo huitoa. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi hutokea mdomoni na puani, kwa kubeua na kupumua, tofauti na wengi wanavyodhani kwamba hutokea nyuma. Halafu ipo samadi. Ikikaa ndani ya maji, bila hewa, kama katika mashimo ya samadi ya majimaji yaliyo chini ya mabanda ya Ulaya, nayo hutoa methani. Ikikaa nchi kavu, ikachanganyika na mkojo na udongo, hutoa methani kidogo lakini huweza kutoa gesi nyingine, nitrasi oksidi, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto kwa karne nzima kiasi cha mara 273 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Methani itokayo kwa mifugo ni mara 27 kwa kipimo hichohicho, ila yenyewe hudumu angani miaka kama 12 tu, wakati nitrasi oksidi hudumu zaidi ya miaka 100. Zishikeni tofauti hizi mbili, mahali inapotokea gesi na muda inaodumu, kwa sababu ndizo zinazoamua tupime nini na wapi.

Sasa, kupima gesi inayotoka katika jengo la mifugo si jambo la kuning'iniza kifaa darini na kusoma namba. Kifaa kitakuambia methani ni sehemu ngapi katika milioni moja ya hewa iliyomo, basi. Ni kama kutaka kujua mfereji umebeba chumvi kiasi gani: kuyaonja maji hakutoshi, lazima ujue pia ni maji mengi kiasi gani yanayopita. Katika banda la nguruwe au kuku lililofungwa, lenye mapangaboi yanayovuta hewa, kiasi cha hewa kinachopita huweza kupimwa kwenye mapangaboi yenyewe. Banda la ng'ombe wa maziwa ni shida nyingine, maana kwa kawaida lina pande zilizo wazi. Upepo huingia huku ukatokea kule, na baada ya saa moja hugeuka. Ujanja mmoja unaotumika sana ni kuitumia hewa ya ukaa ya ng'ombe wenyewe kama shahidi: ukijua uzito wao, maziwa wanayotoa na mimba walizobeba, unaweza kukokotoa hewa ya ukaa wanayozalisha kwa saa, na ukilinganisha na ile unayoikuta ndani ya banda na ile iliyo nje, unapata hewa iliyopita. Ujanja mwingine ni kuachia bandani gesi ya kigeni kwa kiwango kinachojulikana na kuona imechanganyika vipi. Wataalamu wa taasisi ya Leibniz ya uhandisi wa kilimo iliyoko Potsdam, Ujerumani, wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mabanda ya namna hii, wakitumia vihisi vingi na hata vielelezo vya mabanda vilivyowekwa ndani ya njia za upepo maabara, na bado kiasi cha hewa inayopita ndicho chanzo kikuu cha shaka katika majibu. Zaidi ya hayo, gesi hupanda baada ya kulisha na kushuka usiku, na kiangazi si sawa na majira ya baridi, ndiyo maana taratibu za upimaji za huko hutaka siku za kupima zisambazwe mwaka mzima.

Nimeeleza ugumu huo kwa kirefu ili isije ikadhaniwa kwamba wenzetu wana majibu kamili na sisi tunakosa tu fedha za kununua vifaa. Hata wao wanakadiria. Tofauti ni kwamba wanakadiria kutokana na mabanda yao. Banda la ng'ombe wawili wa kulishwa ndani, la nguzo na mabati, la Kiambu au la mteremko wa Kilimanjaro, halina kuta za kushika hewa hiyo. Boma la miiba la Kajiado au Simanjiro halina hata paa. Mbinu ya Potsdam haiwezi kuhamishwa tu ikaletwa huku. Hapa kwetu inabidi kazi igawanywe: ng'ombe apimwe peke yake, na sakafu ya zizi ipimwe peke yake. Ng'ombe huingizwa katika chumba maalumu kilichozibwa, hewa inayoingia na inayotoka ikapimwa kwa siku kadhaa. Vyumba hivyo vipo Nairobi, katika Kituo cha Mazingira cha Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Sakafu ya zizi nayo hufunikwa kwa vyombo vidogo vinavyokazwa ardhini, hewa iliyokusanyika chini yake ikavutwa kwa sindano baada ya dakika kadhaa na kupelekwa maabara. Kazi hiyo hurudiwa wiki baada ya wiki, masika na kiangazi. Ni kazi ya subira, na haina mkato.

Na kazi hiyo imeonyesha nini? Tuanze na tumbo. Mwongozo wa mwaka 2006 wa jopo la kiserikali la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, uliruhusu nchi isiyo na vipimo vyake imhesabie ng'ombe wa maziwa wa Afrika kilo 46 za methani kwa mwaka, na ng'ombe mwingine yeyote kilo 31. Namba hizo zilikokotolewa kwa fomula, kwa kukisia uzito, malisho na maziwa ya ng'ombe wa wastani wa bara zima. Watafiti walipokwenda Nyando, magharibi mwa Kenya, wakawapima ng'ombe uzito msimu kwa msimu, wakachunguza malisho yao na mwendo wao wa kila siku, hesabu ya jike mzima ilitua kwenye kilo 28 hivi. Walipofanya hivyohivyo katika kaunti ya jirani, Nandi, ambako ng'ombe wengi wana damu ya kigeni na malisho ni mazuri zaidi, jike mzima alifika kama kilo 50. Maeneo mawili ya nchi moja, yanayopakana, na tofauti inakaribia maradufu. Namba moja kwa bara zima haiwezi kuwatendea haki watu wa Nyando, na haiwezi kuwaambia ukweli watu wa Nandi.

Liko jambo lingine lililonigusa zaidi katika matokeo hayo ya tumbo. Fomula zinazotumika huchukulia kwamba sehemu fulani ya nishati ya chakula, asilimia 6.5 kwa ng'ombe wengi, hupotea kuwa methani. Kiwango hicho kimejengwa juu ya ng'ombe wanaoshiba. Lakini ng'ombe wa nyanda kavu hashibi mwaka mzima. Kila kiangazi hula pungufu ya kinachohitajika hata kubaki na uzito wake. ILRI ilipowalisha madume wa Borani chini ya kiwango hicho kwa makusudi, ikawapima ndani ya vile vyumba, ilionekana kwamba jumla ya methani yao ilipungua, kama mtu angetarajia, lakini methani kwa kila kilo ya chakula walichokula iliongezeka. Kwa hiyo ng'ombe mwenye njaa hula kidogo, hakui, hatoi maziwa, na hicho kidogo anachokula kinapotea zaidi hewani. Hapa ndipo upimaji unapogusana na maisha ya watu moja kwa moja. Akiba ya majani ya kiangazi, ambayo mabwana mifugo wetu wameihimiza kwa vizazi kwa sababu ya maziwa na uhai wa mifugo, ni hatua ya tabianchi pia, na hilo halikutoka katika fomula ya kuazima. Lilitoka kwa Borani waliopimwa Nairobi.

Tuje sasa sakafuni, kwenye samadi na mkojo, ambako hadithi ni tajiri zaidi. Mwongozo uleule wa mwaka 2006 ulisema kwamba asilimia 2 ya nitrojeni iliyomo katika kinyesi na mkojo wa ng'ombe unaoanguka malishoni hugeuka kuwa nitrasi oksidi. Vipimo vilivyofanywa Kenya vilitoa viwango vya chini sana kuliko hivyo, na sehemu nyingine zenye ukame zilionyesha mwelekeo uleule. Mwaka 2019 IPCC ilipoboresha mwongozo wake, ilishusha kiwango hadi wastani wa asilimia 0.4, na kwa maeneo makavu asilimia 0.2. Fikirini maana yake: kwa zaidi ya miaka kumi, nchi kame zilizotumia kiwango cha awali zilijiandikia deni la malishoni mara kumi ya lile linalokubalika leo. Hapo mfugaji alionewa, na aliyemtetea ni kipimo.

Lakini kipimo hakina ndugu wala rafiki. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Klaus Butterbach-Bahl lilichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya kupima maboma ya ng'ombe katika nyanda kavu za Kenya. Ng'ombe hutembea kutwa nzima wakila majani ya eneo pana, jioni wanarudi, wanafungiwa mahali padogo mpaka asubuhi, na humo wanaacha sehemu ya yote waliyoyakusanya mchana. Mwaka baada ya mwaka, nitrojeni ya malisho mapana inarundikwa katika kipande kimoja cha ardhi. Mvua ikinyesha juu ya rundo hilo, vijidudu wa udongo huamka na nitrasi oksidi hupanda kwa wingi. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba boma linapohamwa gesi haikomi: ilionekana bado iko juu ya kawaida hata miaka 40 baada ya mifugo kuondoka. Watafiti hao walikadiria kwamba kwa Afrika kusini ya Sahara maboma yanaweza kufikia kiasi cha asilimia 5 ya nitrasi oksidi yote inayotokana na shughuli za binadamu barani Afrika. Katika hesabu za kawaida chanzo hiki hakikuonekana kabisa, kwa kuwa ng'ombe wetu waliandikwa kuwa ni wa malishoni, kana kwamba usiku hawalali popote.

Yeyote anayelijua boma hatashangazwa na rutuba hiyo. Wanaakiolojia wamekuta kusini magharibi mwa Kenya mahali palipokuwa na maboma miaka kati ya 1,500 na 3,700 iliyopita, na hadi leo udongo wake una rutuba zaidi ya ule unaouzunguka, majani yanaota vizuri na wanyama pori wanapapenda. Kwa hiyo boma si uchafu. Ni hazina ya mbolea iliyosahauliwa mahali pasipo na shamba, na gesi tunayoipima ni sehemu ya hazina hiyo ikipotea hewani. Mtu akilitazama hivyo, suluhisho halihitaji kumkataza mfugaji kulala na mifugo yake. Simba na wezi bado wapo. Linahitaji samadi itoke zizini mara kwa mara na kufika palipo na mahindi, kahawa au mboga, kama wanavyofanya tayari wafanyabiashara wanaosafirisha kwa malori samadi ya Umasaini kwenda mashamba ya Kenya ya kati. Linahitaji pia boma lihamishwe kwa mpango pale ambapo ardhi inaruhusu, kabla rundo halijawa kubwa. Hizo ni hatua ambazo tusingezifikiria kamwe kama tungeendelea kupigia hesabu tumbo peke yake.

Najua yapo maswali, na ni maswali ya haki. La kwanza: Afrika imechangia kidogo sana joto la dunia, kwa nini tutumie fedha kupima mbeuo wa ng'ombe wa Samburu wakati chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe haitoshi na majosho yamekauka? Sitaki kulipuuza swali hili. Ukame ulioanza mwaka 2020 katika Pembe ya Afrika uliua mamilioni ya mifugo, na wenye mifugo hiyo hawakuwa wao walioijaza anga moshi kwa miaka mia mbili. Lakini tazameni: fedha za tabianchi zinagawanywa kwa hesabu. Mradi wa kuboresha malisho au kinga ya mifugo unapoombewa fedha hizo, mfadhili huuliza utapunguza tani ngapi, na umejuaje. Kama hesabu ya nchi ni idadi ya ng'ombe mara namba isiyobadilika, njia pekee ya kuonyesha kupungua ni kupunguza ng'ombe. Kumlisha vizuri, kumkinga na ndigana, kumfanya azae mapema, hakuna hata kimoja kinachoonekana katika hesabu hiyo. Kenya ililitambua hili, na mwaka 2020 ilitoa hesabu ya ng'ombe wa maziwa inayotofautisha umri, uzito, maziwa na namna ya ufugaji, kuanzia mwaka 1995 hadi 2017. Kwa hesabu ya namna hiyo chanjo inaweza kuandikwa kuwa ni faida ya tabianchi. Kwa hesabu ya kuazima, haiwezi.

Swali la pili ni la hofu: tukipima, si tutakuwa tumemkabidhi mtoza ushuru fimbo? Denmark, kwa makubaliano ya bunge ya mwaka 2024, imepanga kuanza mwaka 2030 kutoza gesijoto za mifugo kroner 300 kwa tani, kiwango kitakachofika 750 mwaka 2035, ingawa mfugaji atasamehewa asilimia 60. Mtu anaweza kusema leo ni Denmark, kesho ni Dodoma. Hofu hiyo ina msingi, na sioni mantiki wala haki ya kumtoza mfugaji wa Longido kama anavyotozwa mwenye banda la ng'ombe mia tatu la huko Jutland. Ila kutopima hakumkingi. Mwaka 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba kilo moja ya maziwa katika Afrika kusini ya Sahara hubeba kilo 7.5 za gesijoto, dhidi ya kilo 1.3 hivi Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini. Namba hiyo imetembea duniani bila ruhusa yetu, ikitumiwa kumchora mfugaji wa Afrika kuwa ndiye mharibifu mkubwa, kana kwamba ng'ombe wake anatoa maziwa tu, halimi, hatoi mbolea, haendi kulipa karo na hasindikizi posa. Asiye na namba yake hana cha kujibu.

La tatu ni kwamba kupima ni ghali na namba za wastani zinatosha. Ni kweli kwamba hatuwezi kuingiza kila ng'ombe chumbani. Hatuhitaji. Kinachotakiwa ni vituo vichache vinavyopima kwa uhakika ng'ombe na maboma ya aina zetu kuu, na kuzunguka vituo hivyo, taarifa rahisi zinazokusanywa kwa wingi: uzito kwa utepe wa kifuani, umri wa kuzaa mara ya kwanza, maziwa ya kila siku, kinacholiwa kila msimu, usiku ngapi mifugo inalala zizini na samadi inakwenda wapi. Vyama vya ushirika vya maziwa vina nusu ya taarifa hizo tayari kwenye madaftari yao. Tanzania, yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, nayo inastahili kituo chake cha upimaji, kwa sababu Mpwapwa na Sukumani si Nandi, wala Nandi si Nyando.

Kwa hiyo, ombi langu kwa wizara za mifugo za Kenya, Tanzania na Uganda ni kwamba fungu la upimaji liingie katika bajeti zao wenyewe, lisisubiri mradi wa mfadhili unaokwisha baada ya miaka mitatu huku boma likiendelea kutoa gesi kwa miaka 40. Nanyi wafugaji mnaonisikiliza, siku mtafiti atakapofika zizini kwenu na utepe wake na vyombo vyake, mpokeeni, mwambieni ukweli wote kuhusu malisho na samadi yenu, na mtakeni ahadi ya kurudi kuwasomea majibu kabla hajayapeleka kwingine.